Nyasi za Uani Zinapokauka Malindi: Mwongozo Kamili wa Kumtambua Mdudu Kabla ya Kumwaga Dawa

Nyasi za uani zikianza kuonyesha mabaka ya njano, nyumba nyingi hapa Malindi humtuma mtu dukani akalete dawa ya wadudu kabla yeyote hajainama kuangalia kuna nini. Dawa inapigwa, wiki mbili zinapita, baka linazidi kupanuka. Si ajabu. Dawa inayomuua kiwavi anayekula jani haimfikii buu anayetafuna mizizi sentimita 8 chini ya ardhi, na hakuna dawa ya wadudu inayoponya nyasi zilizochomwa na maji ya chumvi.

Kuna sababu nyingine ya kutoharakisha, nayo ni nzito zaidi. Sehemu kubwa ya mji huu imekaa juu ya mchanga na mwamba wa matumbawe. Maji hupenya upesi, na chochote kilichoyeyuka ndani yake hupenya nayo. Nyumba nyingi zina kisima uani humo humo, hatua chache kutoka kwenye nyasi. Sumu ya leo inaweza kurudi kwenye ndoo ya kesho, au ikaishia baharini. Kwa hiyo tunashikilia kanuni moja: usimwage dawa mpaka umemwona mdudu kwa macho yako, umemjua ni nani, na umemhesabu.

Vifaa ni vya nyumbani: ndoo ya lita 10, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, panga kali, beleshi, tochi, rula, kipande cha nondo nyembamba (ya chuma cha ujenzi) chenye urefu wa sentimita 40, na kopo kubwa la maziwa ya unga lililokatwa pande zote mbili likabaki kama bomba.

Anza kwa kuondoa visivyo wadudu

Mabaka mengi ya uani hayana mdudu hata mmoja. Chukua dakika kumi kuhakikisha.

Shika fumba la nyasi pembezoni mwa baka, pale mahali palipokauka panapokutana na palipo kijani, ulivute kwa nguvu ya kawaida. Usivute katikati, wadudu huhama kwenye nyasi zilizokufa, kwa hiyo katikati utakuta mchanga mtupu na utadhani hawapo. Fumba likigoma na mizizi ikashika, tatizo pengine si mizizi. Likija mkononi jepesi, mizizi imekatwa au imeoza, na hapo una sababu ya kuendelea kuchimba.

Chumvi huunguza jani kuanzia nchani kushuka chini, na hufanya hivyo kila mahali maji ya kisima yanapofika, si kwenye baka moja tu. Uani unaotazama bahari huumia zaidi majira ya kusi, upepo unapobeba rasharasha za mawimbi. Wakati wa ukavu utaona utando mweupe juu ya mchanga. Nyasi za Pemba huvumilia chumvi kiasi. Paspalamu huvumilia zaidi ya nyingine zote zinazopandwa hapa.

Mwamba ni mkosaji anayesahauliwa. Dunga nondo katikati ya baka, kisha dunga hatua mbili pembeni. Ikiwa ndani ya baka inagota kwenye jiwe kwa sentimita 10 na pembeni inazama hadi 30, umepata jibu: udongo wa hapo ni mwembamba na hukauka kabla ya kwingine. Baka la namna hiyo hurudi mahali palepale, kwa umbo lilelile, kila kaskazi. Kinachohitajika ni maji kidogo kidogo mara nyingi, au udongo zaidi.

Mkojo wa mbwa huacha duara la ukubwa wa sahani, limekauka katikati na limezungukwa na pete ya kijani kilichokolea. Kisu butu cha mashine huchana ncha za majani zikawa nyeupe kama nyuzi uani mzima. Ukungu huleta madoa juu ya majani, na alfajiri, umande ukiwa bado upo, huonekana kama utando wa buibui. Utando huo hupotea jua likipanda. Utando wa viwavi hubaki, na huwa na vinyesi vidogo vya kijani vilivyonasa ndani.

Vipimo vya kumtoa mdudu alikojificha

*Maji ya sabuni.* Hiki ndicho kipimo chenye faida kubwa kuliko vyote, na gharama yake ni ndogo mno. Changanya vijiko 2 vya mezani vya sabuni ya maji (kama mililita 30) katika lita 8 za maji. Sabuni ya mche haifai, maana maji ya visima vyetu ni mazito na hayaitoi povu. Pima mraba wa mita 1 kwa mita 1 unaoingia nusu kwenye baka na nusu kwenye nyasi nzima. Mimina taratibu kwa kopo la kumwagilia ili maji yazame, yasitiririke. Kisha kaa chini uangalie kwa dakika 10 bila kuondoka. Chenene hujitokeza mapema, mara nyingi ndani ya dakika 3, viwavi hufuata. Ardhi ikiwa kavu kabisa, mwagilia maji matupu jioni ya jana yake, la sivyo sabuni haitafika chini. Fanya asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi, na ukimaliza suuza kwa maji safi, kwa sababu sabuni na jua la mchana huunguza majani.

Sabuni haiwatoi mabuu weupe. Watu wengi humwaga, hawaoni kitu, wakahitimisha kuwa ardhi ni safi. Kwa mabuu lazima ufunue.

*Kufunua zulia.* Kata kwa panga pande tatu za mraba wa sentimita 30 kwa 30, kina cha sentimita 8 hadi 10, kisha pitisha beleshi chini na uukunje upande wa nne kama unafungua kitabu. Vunja udongo kwa vidole na uhesabu kila unachokiona. Rudisha zulia, likanyage, limwagilie maji siku hiyo hiyo, litashika tena. Fanya hivyo sehemu tatu au nne tofauti. Shimo moja halisemi ukweli, maana mabuu hukaa kwa makundi.

*Kopo.* Lizungushe hadi lizame sentimita 5 kwenye ardhi pembezoni mwa baka, lijaze maji, na uendelee kuongeza kadiri yanavyoshuka kwa dakika 10. Kwenye mchanga wa hapa yatashuka haraka, kwa hiyo weka ndoo karibu. Wadudu wadogo wafyonzao utomvu huelea juu.

*Tochi.* Kuanzia saa mbili usiku tembea polepole ukimulika shina la nyasi, si ncha. Wadudu wengi walao nyasi hujificha mchana, na usiku utawakuta mezani.

Mabuu weupe

Mabuu hawa, ambao wengine huwaita madumadu, ni watoto wa mbawakawa wa kahawia wanaojigonga kwenye taa za baraza mvua za kwanza zinaponyesha. Mama hutaga kwenye udongo wenye unyevu, sentimita chache chini. Watoto wakianguliwa hula mizizi kimya kimya wakati wote wa masika, na nyasi hazionyeshi lolote kwa kuwa maji ni mengi. Mvua zikipungua, Julai hadi Septemba, ndipo mizizi iliyobaki inashindwa kazi. Mwenye nyumba huona kiangazi, kumbe kazi ilifanyika Mei.

Mtazame kwa karibu. Amejikunja kama herufi C, mwili mweupe unaoelekea maziwa, kichwa cha kahawia kigumu, miguu sita myembamba iliyosongamana karibu na kichwa. Nyuma ya mwili anaonekana mweusi-kijivu, kwa sababu ngozi ni nyembamba na udongo aliokula unaonekana ndani. Urefu wake ni sentimita 1 akiwa mdogo hadi 3 au 4 akikomaa. Hana miguu minene ya tumboni. Akiwa nayo, huyo ni kiwavi, si buu.

Hapo usikimbilie kumuua, kwa sababu si kila buu mweupe anakula mizizi. Mweke juu ya sakafu laini au kigae umwache dakika moja. Buu mla mizizi hulala ubavu akiwa amejikunja, akijitahidi kwa miguu. Akijigeuza chali, miguu juu, na kuanza kutambaa kwa mgongo, huyo ni mtoto wa mbawakawa wa maua. Chakula chake ni samadi na majani yaliyooza, na hadhuru uani wako hata kidogo. Ukishaliona jambo hili mara moja hutalisahau.

Wa tatu ni chonga. Ukikuta buu mnene kama kidole gumba, sentimita 5 au zaidi, karibu na kisiki cha mnazi kinachooza au kwenye samadi iliyoletwa kwa mkokoteni, ni mtoto wa chonga, adui wa minazi. Yeye pia hula vilivyooza, si mizizi ya nyasi, lakini usimwache: akikomaa atapanda kutoboa kilele cha mnazi, na makuti yatafunguka yakiwa yamekatwa kwa umbo la V. Wape kuku. Chekecha samadi kabla ya kuitandaza, na uondoe visiki.

Dalili za mabuu wala mizizi ni hizi: ardhi inabonyea ukikanyaga, nyasi zinanyanyuka kama mkeka ulioviringishwa, na kunguru au kwarara wanashinda hapo wakichokora. Ndege wakirudi sehemu moja asubuhi tatu mfululizo, funua hapo kwanza.

Kwa mraba wa sentimita 30, chini ya mabuu 5 acha. Mwagilia na weka mbolea kidogo, nyasi zenye afya zitawashinda. Kati ya 5 na 10 angalia hali: nyasi dhaifu juu ya mwamba zitahitaji msaada, nyasi za Pemba zilizojaa zinaweza kustahimili. Zaidi ya 10 chukua hatua.

Viwavi wa juu ya ardhi

Hapa ndipo haraka ina maana, kwa kuwa viwavi wanaweza kumaliza uani kwa siku chache.

Viwavijeshi wa Kiafrika huja wiki chache baada ya mvua kuanza, baada ya nondo (vipepeo wa usiku) kusafirishwa na upepo na kutaga mayai. Hula nyasi na nafaka tu, kwa hiyo ukiona majani ya waridi yametafunwa, si wao. Wakiwa wengi huwa weusi mgongoni, na mistari myembamba ya manjano au kijani ubavuni. Wakiwa wachache hubaki kijani au kahawia na hawaonekani kirahisi. Urefu wao ukikomaa ni sentimita 2.5 hadi 3.5. Ukimgusa hujikunja na kuanguka. Kuanguliwa hadi kuzama ardhini huwachukua wiki 2 hadi 3, na karibu chakula chote hukila siku za mwisho. Ndiyo maana uani unaonekana mzima Jumatatu na Alhamisi umebaki vijiti. Uharibifu una ukingo: upande huu vijiti, upande ule kijani, na ukingo unasonga.

Kiwavijeshi vamizi, aliyefika Kenya mwaka 2017 na kusumbua mahindi, naye hula nyasi. Ana madoa manne meusi yaliyojipanga kama pembe za mraba karibu na mwisho wa mwili, na alama ya Y iliyopinduliwa usoni. Mama yake ana tabia inayokusaidia: hutaga hata juu ya kuta na chini ya taa. Kagua kuta nyeupe zinazopakana na nyasi. Ukiona kibaka cha mayai kilichofunikwa manyoya ya kijivu, kifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni siku hiyo. Mayai huanguliwa ndani ya siku 2 hadi 4.

Swali la kujiuliza kabla ya kupiga dawa ni ukubwa wao. Wakiwa chini ya sentimita 1.5, dawa inasaidia sana. Wengi wakifika 3, wamebakiza siku chache wajichimbie kugeuka kuwa mabuu bwete (hatua ya kulala bila kula kabla ya kuwa nondo), na dawa ni hasara tupu. Nyasi za Pemba, paspalamu na ukoka zitachipua tena kwa kuwa vikonyo havikuliwa. Mwagilia, usikate kwa wiki mbili, na usikubali kuambiwa ung'oe upande upya.

Viwavi watando ni wadogo zaidi, sentimita 2, kijani chenye madoa na kichwa cha kahawia. Mchana hujificha kwenye kijifereji cha hariri chini ya nyasi. Huanza na vibaka vidogo vya ukubwa wa kiganja, nyasi zimekatwa fupi kama zimelishwa mbuzi, kisha vibaka vinaungana. Jioni ukipita, nondo wadogo wa rangi ya majani makavu huruka mbele ya miguu yako kwa mwendo wa kupindapinda na kutua tena mita chache mbele. Nondo peke yao si sababu ya kupiga dawa. Piga kipimo cha sabuni baada ya wiki mbili. Viwavi 10 hadi 15 kwa mita moja ya mraba ndio mpaka wa kuchukua hatua. Kwa viwavijeshi, zaidi ya 3 katika mraba wa sentimita 30 watosha.

Sota, kiwavi mnene wa kijivu mwenye ngozi kama iliyopakwa mafuta, hukata shina usawa wa ardhi usiku na kulala mchana sentimita moja au mbili chini. Kwenye nyasi zilizokomaa ni msumbufu tu. Kwenye miche ya nyasi iliyopandwa juzi anaumiza. Mtafute kwa tochi, mwokote, basi.

Chenene

Chenene ni mdudu wa jamii ya nyenje aliyeumbwa kuchimba. Ana sentimita 2.5 hadi 3.5, rangi ya kahawia, mwili umefunikwa vinyweleo laini kama mahameli, na miguu ya mbele imekuwa mipana, ina meno kama koleo. Ukimfumba mkononi utahisi anavyosukuma vidole vyako kwa nguvu isiyolingana na umbo lake. Haumi.

Mchanga wenye unyevu ndio makao anayoyapenda, na uani unaomwagiliwa kila siku karibu na bahari unamfaa kuliko mahali pengine. Asubuhi baada ya kumwagilia utaona matuta membamba yaliyopindapinda, upana wa kidole, udongo umeinuka. Nyasi zilizo juu ya tuta hukauka kwa sababu mizizi imeachana na udongo, si lazima kwa kuliwa. Baada ya mvua, magharibi ikiingia, dume huimba kutoka shimoni, sauti moja ndefu isiyokatika. Ifuate polepole na utapajua anapoishi.

Ukiwapata 4 au zaidi kwa mita moja ya mraba, anza kuwapunguza. Wengi unaweza kuwatoa kwa maji ya sabuni na kuwaokota, hasa uani ukiwa mdogo. Huvutwa pia na taa: weka beseni la maji ya sabuni chini ya balbu kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku. Kama nyumba yako inatazama ufuo, weka taa hiyo upande wa nyuma au uache kabisa, kwa maana vifaranga wa kasa wakianguliwa hufuata mwanga na hupotea njia ya baharini. Kanyaga matuta au pitisha rola ili mizizi iguse udongo tena, kisha mwagilia.

Mchwa

Mchwa hulaumiwa kuliko mdudu yeyote mwingine Pwani, na kwa makuti na boriti lawama hiyo ni ya haki. Kwenye nyasi mambo ni tofauti. Wengi wao wanataka kilichokufa: vipande vya nyasi vilivyobaki baada ya kukata, majani makavu, mizizi iliyokauka. Wakija juu ya nyasi hai, mara nyingi ni kaskazi imekaza, kati ya Januari na Machi, na nyasi zimeshalala kwa kiu. Mchwa anafuata ukavu kuliko anavyouleta.

Utawajua kwa gamba la udongo mwembamba lililofunika majani na mabua, limejengwa usiku. Livunje kwa kidole asubuhi na mapema: wakiwamo utawaona weupe wenye vichwa vya njano au kahawia wakikimbilia chini. Gamba likiwa kavu na tupu, wameshaondoka. Uani uliotandazwa udongo mwekundu ulioletwa na lori huwa nao zaidi kuliko mchanga mtupu.

Usimchanganye na sisimizi. Mchwa hana kiuno, mwili umeenda sawa, na vipapasio vimenyooka kama ushanga uliotungwa. Sisimizi ana kiuno chembamba na vipapasio vilivyokunjwa kama kiwiko. Wenye mbawa pia hutofautiana: mbawa nne za kumbikumbi zinalingana urefu, za sisimizi jozi ya mbele ni ndefu kuliko ya nyuma. Kumbikumbi wakimiminika uani baada ya mvua hawali nyasi zako. Wanatafuta mwenzi na mahali pa kuanzisha kiota.

Dawa ya kwanza ni maji: lita 12 kwa mita ya mraba, mara mbili kwa wiki, alfajiri. Kusanya nyasi kavu kwa reki na uziondoe. Usirundike makuti ukutani. Na tafadhali, usimwage mafuta machafu ya gari kwenye mashimo yao. Desturi hiyo ipo, inaua nyasi kwa muda mrefu, na mafuta hushuka na mchanga hadi kisimani, wakati kiota chenyewe kinaweza kuwa mbali na hapo. Njia zao zikielekea kwenye msingi wa nyumba, hilo ni suala la nyumba, si la nyasi. Mwite fundi wa kudhibiti mchwa mwenye leseni.

Wafyonzaji, na wasio na hatia

Vidung'ata hukaa kwenye vifundo vya shina chini kabisa, wamejifunika pamba nyeupe. Nyasi hudumaa na kugeuka njano bila alama ya kutafunwa. Fungua vifundo kwa ukucha. Ukiona pamba na kinachotoka ni majimaji ya waridi au zambarau, ni wao. Sisimizi wengi wanaopanda na kushuka shinani ni dalili pia, maana hufuata utomvu mtamu wanaoutoa vidung'ata. Kata nyasi, kusanya vipande vyote uviondoe uani, kisha mwagilia na weka samadi iliyooza vizuri.

Vichungu vya sisimizi, vinyesi vya nyungunyungu, jongoo wanaotambaa mvua ikinyesha: hawa waache. Siafu wakipita, watawamaliza viwavi kuliko dawa yoyote. Waondoe kuku na watoto kwenye njia yao mpaka wapite, usiwafungie mahali wasipoweza kutoka. Majimoto walio kwenye mwembe ni walinzi. Mashimo makubwa ya mviringo yenye mchanga uliorushwa pembeni, kwenye uani unaopakana na ufuo, ni ya kaa.

Ukishamjua, ndipo dawa

Kwa viwavi wadogo, mwarobaini unatosha, na mbegu zake ziko kila mtaa. Kausha mbegu kivulini, tupa zenye kuvu, zimenye na uzitwange. Pima gramu 50 kwa lita 1 ya maji, yaani kilo 1 kwa pampu ya lita 20. Funga unga kwenye kitambaa, loweka usiku kucha, kamua, chuja vizuri ili pampu isizibe, tia kijiko 1 cha sabuni ya maji. Piga jioni siku hiyo hiyo, kwa sababu jua huivunja nguvu. Usitegemee kuona wakifa mara moja. Huacha kula kwanza. Rudia baada ya siku 5 hadi 7. Wanaokosea huloweka kwa maji ya moto, huhifadhi mabaki kwa wiki nzima, au hupiga saa sita mchana.

Dawa ya bakteria wa Bacillus thuringiensis nayo huua viwavi tu, na lazima wailie kwenye jani, kwa hiyo usimwagilie kwa siku moja baada ya kupiga. Haimgusi buu, chenene wala mchwa. Pareto huangusha haraka lakini huisha nguvu haraka, na huua nyuki. Kata kwanza magugu yenye maua.

Kwa mabuu, kinyume chake: dawa lazima ishuke. Ukitumia dawa ya ukungu wa Metarhizium au Beauveria, lowesha ardhi kwanza, weka jioni, kisha mwagilia lita 12 kwa mita ya mraba ili ifike kwenye mizizi. Kwenye uani mdogo, kunja zulia lililolegea uwaachie kuku asubuhi moja. Wataifanya kazi hiyo bila gharama.

Dawa ya kemikali ije mwisho kabisa, na iwe na lebo inayoonyesha namba ya usajili wa PCPB (bodi ya Kenya inayosimamia dawa za wadudu), jina la mdudu uliyemkuta na kipimo kwa eneo. Unga uliofungwa kwenye karatasi bila jina usiununue kwa bei yoyote. Usitumie dawa ya kumwagilia ardhini karibu na kisima. Vaa glavu na barakoa, usipige upepo ukiwa mkali, na watoto na mifugo wasikanyage mpaka pakauke.

Siku 7 hadi 10 baadaye rudia kipimo kilekile, mahali palepale, na ulinganishe hesabu. Ikipungua nusu au zaidi, subiri. Isipopungua, usiongeze kipimo cha dawa. Rudi ukamtambue upya, kwa kuwa pengine uliyemwona juu siye anayekula chini. Mabaka yaliyobaki wazi yajaze na vipande vya Pemba au paspalamu vyenye vifundo viwili au vitatu, umbali wa sentimita 20, kifundo kimoja kikiwa kimefukiwa, na yamwagiliwe kila alfajiri kwa wiki mbili za mwanzo.